Barua za babu kutoka vitani: mbona hasemi chochote kuhusu vita?

mjukuu_wa_majengo:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nyanya yetu alitutoka mwaka jana hapa Majengo, Mombasa, na tulipofungua kasha lake tukakuta barua za babu za wakati wa vita vya pili, amezifunga ndani ya kipande cha leso. Babu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (Myanmar ya leo), akarudi mzima na akaishi mpaka uzeeni lakini hata siku moja hakutuhadithia ya huko. Sasa mimi nilipoziona barua nikajua leo nitapata kisa chote, kumbe ni salamu tu. Msalimie mama, msalimie fulani, mabati yameshapigwa ama bado, mbuzi amezaa, pesa umezipata kwa DC (mkuu wa wilaya), basi, wasalaam.

Nina maswali. Kwanza mbona hasemi yuko wapi, juu ya karatasi pameandikwa A.P.O. na namba peke yake, na kuna moja imekatwa kwa wembe katikati, tundu la mraba kabisa, upande wa pili maneno nayo yamekwenda. La pili, zile za mwanzo ni khati za Kiarabu, nzuri, zimenyooka, halafu kuanzia katikati ya 1944 zageuka kuwa herufi za Kizungu, kubwa kubwa, na mistari yashuka chini. Ni mtu mwengine huyu? La tatu, mahali pamoja asema "ukiniona leo hutanijua, ngozi yangu imekuwa manjano kama bizari, usiogope". Alikuwa na ugonjwa wa ini ama ni nini? Na ami yangu ataka zote zipigwe laminesheni wiki hii zitundikwe ukutani, nimemwomba asubiri kwanza. Mwenye kujua anisaidie tafadhali.

mzee_wa_kuze:
Waaleikum salaam, Mungu amrehemu nyanya. Barua ya askari ilikuwa yasomwa na ofisa kabla haijaondoka. Ukitaja mahali, jina la meli, kikosi chaelekea wapi, nani amekufa, yakatwa ama yapakwa wino. Hilo tundu lako ndilo hilo. Hata A.P.O. ni posta ya jeshi, namba yake haikumwambia mtu wa Majengo chochote.

Lakini kuna jengine watu hawalifikirii. Je nyanya alijua kusoma? Wanawake wengi wa wakati ule walisoma Qurani chuoni lakini barua wakisomewa, na mwalimu ama kijana wa jirani, na nyumba nzima imekaa yasikiliza, mama mkwe akiwemo. Sasa wewe mwanamume wa hapa Mvita waandika kwa mkeo na wajua kule ofisa aisoma, huku mama mkwe aisikiza, utaandika nini? Utauliza mabati. Mimi ningeyasoma hayo mabati na huyo mbuzi kwa makini sana, hapo ndipo alipoweka yake. Mtu aliye kwenye matope ya Bama na bado akumbuka paa la mkewe lavuja upande gani, huyo hajakaa kimya.

Na manjano si ini. Ni mepakrini, vidonge vya malaria. Wajapani walipoiteka Java 1942 kwinini ikawa haipatikani, ndio jeshi likatumia hivo vidonge, na ukivinywa kila siku ngozi yageuka rangi. Tarehe ya barua hiyo ni lini? Kama ni kati ya Agosti na Disemba 1944 basi huenda alikuwa na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wakishuka bonde la Kabaw, mvua kubwa, barabara zote matope mpaka chakula chadondoshwa na ndege, malaria usiseme, na wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzo wa Disemba.

binti_kilindini:
Nijibu hilo la mwandiko. Jeshi lilikuwa na kikosi cha elimu, East African Army Education Corps, askari wengi walijifundisha kusoma na kuandika herufi za Kizungu huko huko kambini. Mimi naona hizo nzuri za mwanzo aliandikiwa na mwenzake aliyesoma vizuri chuoni, na hizo za mistari kushuka ndio mkono wake mwenyewe. Ziangalie tena, utaona kama maneno nayo yamebadilika.

Shukuru mnazo nyingi. Kwetu iko moja tu, ya ndugu wa babu, alikuwa kwenye mizinga. Aliondoka hapa Kilindini tarehe 5 Februari 1944 na meli ya Khedive Ismail kwenda Colombo, na tarehe 12 karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Kijapani ikaipiga, ikazama kwa kama dakika mbili, watu karibu 1,300 wakafa na wengi wao ni wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Barua yake asema atatuma pesa ya viatu vya Idi. Watu wapita feri kila siku na hawajui meli hiyo ilitokea bandari hii hii, na linaniuma.

karatasi_na_wino:
Laminesheni HAPANA, mwambie ami kwa adabu lakini usimwachie. Ule moto na gundi haviondoki tena, karatasi ya zamani ndio yaharibika humo humo ndani. Selotepu pia usitie. Joto la Mombasa na unyevu ndio adui, kwa hivyo usizifungie kwenye mfuko wa plastiki, tafuta boksi la karatasi zile zisizo na asidi, zilaze bila kukunja, zikae juu kabatini mbali na ukuta wenye maji. Wakunjua pole pole, mikono mikavu. Piga picha kila upande mchana karibu na dirisha bila flashi, na bahasha pia piga usitupe, mihuri ndiyo yenye tarehe.

Za khati za Kiarabu wapelekee RISSEA, ile taasisi ya utafiti wa Uswahili hapa Mombasa, ama uliza hapo makumbusho ya Fort Jesus, wasomaji wapo.

mjukuu_wa_majengo:
Nimezitazama tena tangu jana na binti_kilindini umesema kweli. Ya kwanza ya herufi za Kizungu ni fupi mno, imeanza bila salamu za mtu yeyote. Yasema "Hii naandika mimi mwenyewe. Usimpe mtu akusomee. Iweke nitarudi nikusomee mimi." Na zile nyingine zote mikunjo imechakaa mpaka yataka kukatika lakini hii mikunjo yake bado migumu. Nyanya hakujua kusoma, nimemuuliza shangazi. Ya manjano ni Oktoba 1944.

Sasa binamu yangu ataka kuziweka zote Facebook, mimi moyo wasita.

mzee_wa_kuze:
Hiyo moja msiitie Facebook. Nyingine kaeni kikao na shangazi na ami, mukikubaliana wapeni RISSEA nakala, kwa sababu sauti za askari wa pwani zimebaki chache na hayo ya mabati na bei ya mbuzi ni historia ya mji huu. Lakini hiyo alisema asipewe mtu, na ofisa alishaisoma bila idhini ya nyanya, yatosha.

mjukuu_wa_majengo:
Shukran sana wote. Ami amekubali kuacha laminesheni, boksi tumeagiza. Wiki ijayo naenda Fort Jesus na picha za zile za Kiarabu, na kama kuna mtu humu aweza kusoma khati za zamani naomba anitumie ujumbe, kuna mistari miwili kwenye ya Madagaska ya 1942 hata imamu wetu imemshinda.