Dallas ISD, Richardson ISD au Plano ISD: watoto wasome wapi?

MamaWatatu
Wadau, habari za humu. Mkataba wetu wa pango hapa Dallas, Texas, unaisha mwezi wa saba, na tunataka kuhama kabla shule hazijafunguliwa. Mkubwa anaingia darasa la tisa, wa kati la nne, kitinda mimba ana miaka minne na Kiingereza bado kabisa. Shemeji anasema Plano, tena kwa sauti. Baba watoto anasema tubaki Dallas, pango la Plano litameza mshahara wote. Mimi naitazama Richardson iliyo katikati. Kila mmoja una wilaya yake ya shule, ndiyo hiyo ISD. Herufi ambazo jimbo linazipa shule, A mpaka F, nimezisoma mpaka nimechanganyikiwa. Nawasilisha.

chalii_wa_kaskazini
Plano, basi. Maksi za STAAR, mitihani ya jimbo, ziko juu, watoto wa kule wanaingia vyuo vizuri. Wilaya tajiri ni wilaya tajiri, mengine porojo.

Mwl_Tausi
Dada, chalii hadanganyi kuhusu maksi. Ila jiulize zimeletwa na nini. Mimi nafundisha hukuhuku Texas. Dallas ISD ina wanafunzi zaidi ya 130,000. Karibu asilimia 70 ni Walatino, kama asilimia 20 ni weusi, na zaidi ya wanane katika kila kumi wanatoka kaya za kipato cha chini. Plano haifiki 50,000, hakuna kundi moja linalofika nusu, na wenye kipato cha chini ni wachache zaidi kwa uwiano. Mtoto wa wahandisi wawili anaingia chekechea tayari anasoma. Wastani wa shule unampima yeye na nyumbani kwao kwa pamoja.

Ukifungua ripoti ya shule, usiishie kwenye ile herufi kubwa. Ndani kuna sehemu tatu: ufaulu, maendeleo, na kuziba pengo kati ya makundi. Jimbo linachukua iliyo bora kati ya ufaulu na maendeleo na kuipa uzito wa asilimia 70. Pengo linapewa 30. Ndiyo maana shule mbili zenye B zinaweza zisifanane hata kidogo: moja imebebwa na watoto walioingia wakijua, nyingine na watoto waliosogezwa. Kwa huyo wa darasa la nne, soma maendeleo kwanza, kisha shuka kwenye jedwali la makundi utafute watoto wa hali ya wako.

Sean Reardon wa Stanford alichambua mitihani ya nchi nzima, na mwaka 2017 akaonyesha kwamba watoto wa Chicago, wilaya iliyokuwa inasemwa vibaya kila kona, walikuwa wanasogea hatua ya miaka sita ndani ya miaka mitano, kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Maksi zao bado zilikuwa chini ya wastani wa taifa.

BabaK
Mwalimu amemaliza upande wa maksi. Mimi nagusa pesa, maana hapo kwenye "tajiri" ndipo watu wanapopotea.

Shule za Texas zinakula kodi ya majengo. Mwaka 1973, katika kesi ya wazazi wa Edgewood kule San Antonio, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwa kura 5 kwa 4 kwamba katiba ya nchi hailazimishi wilaya zilingane kifedha. Wakageukia mahakama za jimbo, wakashinda 1989, na 1993 ukaja utaratibu wa wilaya zenye majengo ya thamani kubwa kurudisha sehemu ya kodi. Plano ni mmoja wa warudishaji wakubwa. Kwa hiyo nyumba za bei mbaya hazimaanishi kila senti inabaki darasani.

Kiwango cha msingi kwa mwanafunzi kilikwama dola 6,160 tangu 2019, na 2025 wakaongeza dola 55. Ndiyo, hamsini na tano. Juu yake, sheria ya 2019 inaongeza kati ya asilimia 22.5 na 27.5 kwa mtoto wa kipato cha chini, kufuatana na umaskini wa mtaa anaoishi. Wapi tajiri anabaki na faida? Kwenye hatifungani za majengo, kwa sababu kodi inayolipia deni hilo hairudishwi, na kwenye michango ya wazazi.

Tena Texas inalipa kwa mahudhurio, si kwa majina kwenye daftari. Watoto wakipungua, pesa inaondoka nao. Plano ilipiga kura 2024 kufunga shule nne, Richardson nayo imefunga za msingi. Dada, kabla hujasaini pango, uliza kama shule ya mtaa ule iko kwenye orodha yoyote ya kufungwa.

chalii_wa_kaskazini
Sawa BabaK, hiyo ya kurudisha kodi sikuijua. Lakini huyo wa darasa la tisa? Sekondari ndiyo inampeleka chuo.

Nyota_D
Hapo ndipo penye mtego, chalii. Sheria ya 1997 inawapa asilimia 10 ya juu ya kila sekondari nafasi ya moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya umma vya Texas. UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas cha Austin, wameibana hadi asilimia 5 kwa wanaoingia 2026. Sekondari za juu za Plano zinabeba madarasa mawili tu, la 11 na la 12, na bado zina wanafunzi zaidi ya elfu mbili kila moja, wengi wanakimbizana kwa desimali. Mtoto mzuri wa kawaida anapotea katikati. Dallas ISD ina sekondari zinazoingiwa kwa kutuma maombi, kama zile za Townview, na programu za kumaliza sekondari ukiwa na cheti cha miaka miwili ya chuo. Ila maombi yake yanafungwa miezi kabla ya shule kufunguliwa, kwa hiyo piga simu leo.

Riziki_VM
Mama, mambo mawili. La kwanza, anwani ya Dallas si lazima iwe Dallas ISD. Lake Highlands ni jiji la Dallas, lakini watoto wanasoma Richardson ISD. Baba watoto anaweza kupata Dallas yake nawe ukapata Richardson yako.

La pili, fomu ya kuandikisha inauliza lugha inayotumika zaidi nyumbani. Andika Kiswahili bila kuogopa. Mtoto atapimwa Kiingereza ndani ya wiki nne, na asiyekijua anastahili chekechea ya bure akiwa na miaka minne. Huduma ya Kiingereza ukiikataa baadaye ni haki yako. Na makaratasi ya uhamiaji hayahusiki na kuandikisha mtoto, hilo liliamuliwa 1982 kwa kesi iliyotoka Tyler, hapahapa Texas.

MamaWatatu
Asanteni sana. Ya Lake Highlands imeshasomwa mezani, mzee amecheka. Mkubwa anataka tujaribu Townview kama dirisha bado liko wazi. Nyota, wanaruhusu mtoto wa wilaya nyingine aombe, au lazima tuwe tumebaki Dallas ISD?

Nyota_D
Wakazi wa wilaya wanatangulia. Ulizeni hilo kabla ya kusaini popote.