Naishi Muscat, watoto wadogo wananishinda mall. Niwarudishe Pemba kwa bibi yao?

Mtambwe_Ughaibuni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Kwetu Mtambwe, ila huu mwaka wa 3 nipo Muscat. Nna watoto wawili, wa kiume miaka 4, wa kike mwaka mmoja na nusu. Mke wangu anafanya kazi hospitali kwa zamu, kwa hiyo jioni nyingi watoto wako na mimi. Huku toka Mei nje hapakaliki, joto linafika 45, bembea ya chuma mtoto akiigusa saa 10 jioni anaungua. Flati ni vyumba viwili, ghorofa ya 5. Basi kila siku ni mall: pana baridi, pana choo kisafi, pana pa kusali. Lakini siku hizi nikishaegesha gari tu moyo unakwenda mbio. Nafikiria wakae kwa bibi yao mpaka joto lipungue. Mnaonaje? Naomba busara, si kejeli.

Bi_Karafuu
Waalaykum salaam mwanangu. Mie nauliza, hao watoto wanakula nini huko? Chipsi na soda kila jioni? Mjukuu wangu kaletwa kutoka Dubai mwaka jana, nimempikia pweza wa nazi, kanusa kakimbia. Walete tuwafunze kula. Hapa Tibirinzi pana uwanja wa kufurahishia watoto, na upepo haulipiwi.

MzeeWaDarajani
Usiogope mall kijana, zinapoteza hata watu wazima. Mwaka 2009 nilikwenda Dubai kufuata mzigo wa simu, Dubai Mall haijatimiza hata mwaka tangu ifunguliwe. Maduka zaidi ya 1,000! Nikasimama mbele ya lile tangi la samaki la lita milioni 10, papa anapita kama daladala ya Bububu, mimi mdomo wazi. Kugeuka, wenzangu hawapo. Nimezunguka mpaka isha. Nilipowapata walikuwa wameshagawana mzigo wangu.

UmmuSalim
Kaka, mimi nipo Al Khoudh mwaka wa 7, wanangu watatu. Alhamisi usiku na Ijumaa jioni usithubutu, Muscat nzima imo humo. Nenda katikati ya wiki. Kabla hamjatoka nyumbani mpige mtoto picha, ili ukiulizwa kavaa nini usibabaike. Namba yako muandikie mkononi kwa kalamu isiyofutika, na juu yake upake plasta ya maji, la sivyo jasho linaila. Mfunze kwamba akikukosa asimame pale pale, asikufuate, na akimuona mama mwenye watoto amwambie. Kwenye ngazi za umeme usimvalishe viatu vya plastiki laini, vinanasa pembeni. Na kigari kipandishe kwa lifti, nimeona wanaume wanakitia kwenye ngazi wakijiona mafundi.
Ila umesema moyo unakwenda mbio. Kimetokea nini?

Mtambwe_Ughaibuni
Ahsante dada. Hakijatokea kitu, ni hofu ya mzazi tu.

Kojani_77
Yakhe, hofu tu haimvushi mtoto bahari. Sema.

Mtambwe_Ughaibuni
Haya. Wiki mbili nyuma dogo alinipotea. Dakika 40. Nilikaa pale wanapouza vyakula, binti kwenye kigari, dogo anacheza kando ya meza. Nikajibu ujumbe mmoja wa kazi. Kunyanyua kichwa, kandambili moja iko chini ya kiti, mwenyewe hayupo. Nilikimbia ghorofa zote na kigari, binti analia. Walimkuta kwenye duka la fanicha. Kapanda kitanda cha maonyesho, kajifunika blanketi mpaka kidevuni, kalala fofofo na karatasi ya bei shavuni.
Mama yao hajui. Na msinihukumu, tiketi nimeshakata, shangazi yao anasafiri Jumamosi, atakwenda nao.

Kojani_77
Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba saini.

Bi_Karafuu
Simu! Simu ndizo zinazolea watoto siku hizi! Enzi zetu mtoto akipotea Forodhani anarudishwa na mtu wa mtaani, keshalishwa mkate wa kumimina na keshatandikwa.

UmmuSalim
Kaka, huyo mdogo wa mwaka na nusu ameshaacha ziwa?

Mtambwe_Ughaibuni
Tunamuachisha.

UmmuSalim
"Tunamuachisha" wewe na nani? Mama yake anajua ziwa linaachwa Jumamosi?

Mtambwe_Ughaibuni
Nitamwambia Ijumaa. Nataka nimwambie kwa vizuri.

Shaha_Ngambo
Ngojeni kwanza wakuu. Nimefukua nyuzi za huyu bwana. Mwezi wa Januari aliandika humu humu: natafuta mchumba, awe mcha Mungu, mimi sijaoa na sina mtoto. Leo ana dume la miaka 4? Lilizaliwa na meno? Hii ni hadithi, anatuchezea.

Mtambwe_Ughaibuni
Ule uzi aliuandika mdogo wangu wa Unguja. Akaunti tunatumia sote.

Kojani_77
Hahaha, mdogo mtu siku zote ndiye mwenye makosa.

Bi_Karafuu
Huyo mdogo wako alipata? Nna mjukuu kamaliza chuo Tunguu, mtulivu.

Shaha_Ngambo
Bibi usitupoteze. Mtambwe, kama ni kweli, mtoto walikukabidhi vipi? Mtu hapewi tu mtoto.

Mtambwe_Ughaibuni
Walinipeleka kwenye chumba cha walinzi. Wakataka kitambulisho changu cha ukaazi na picha ya mtoto kwenye simu. Pale mezani alikuwapo mama wa makamo, Muomani, kumbe anazungumza Kiswahili cha Mji Mkongwe kuliko mimi, kazaliwa Malindi. Akamuuliza dogo, "Huyu nani?" Dogo akasema, "Baba. Alikuwa kwenye simu." Yule mama akanitizama, hakusema neno. Akampa dogo tende, mimi akanipa fomu ya kutia saini.

Shaha_Ngambo
Hapo sawa. Hiyo ya tende haitungwi.

UmmuSalim
Mrefu, ana miwani, anavaa pete kubwa ya akiki?

Mtambwe_Ughaibuni
Ndiye. Unamjua?

UmmuSalim
Waliotoka Unguja huku sote tunajuana kaka. Keshokutwa anamuoza mwanawe, ukumbi upo Seeb, na wauguzi wa Kizanzibari wote wamealikwa. Yule mama hadithi ya mtoto aliyelala dukani na karatasi ya bei ameshatusimulia mara mbili. Jina la baba tu ndilo alilolisahau.

Mtambwe_Ughaibuni
Hiyo harusi wanawake wanaingia saa ngapi?