Naomba ushauri: nataka kujifunza kumwosha mama siku yake itakapofika

Binti wa Kibokoni: Assalaam aleikum. Mama yangu ni mgonjwa wa muda mrefu, tunamuuguza nyumbani hapa Mombasa, na ametamka waziwazi kwamba angependa kuoshwa na binti zake badala ya watu asiowajua. Mtaani kwetu kazi hii wameachiwa wanawake wachache wenye umri mkubwa, nasi wa rika langu huishia kuchemsha maji na kufukiza udi huku mlango umefungwa. Mtu hujifunzaje, na nifanye nini kabla mwoshaji hajafika?

Bi Mwana: Waaleikumu salaam, mwanangu. Yanayodai haraka ni ya saa ya kwanza: mfumbe macho, mfunge taya kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu hadi utosini, mkunje na kumnyoosha viungo taratibu kabla havijakakamaa, kisha mfunike shuka nyepesi. Taya huwahi kukaza, na ikishakaza usiilazimishe. Wakati wa kuosha, kitovuni hadi magotini hubaki chini ya nguo, na mkono unaopita huko huvikwa kitambaa. Mwinue kidogo, mkamue tumbo kwa upole, msafishe, mtawadhishe, ndipo uanze upande wa kulia. Huoshwa mara tatu au tano, kwa maji ya majani ya mkunazi, na karafuu maiti, yaani kafuri, hutiwa mara ya mwisho, kama Mtume alivyowaagiza sahaba wa kike Ummu Atiyya na wenzake walipomwosha binti yake. Utakayoyaona chumbani yaache chumbani.

Muuguzi wa Likoni: Naongeza kwamba glavu zivaliwe hata kama marehemu ni mama mzazi, na wanaoziona kuwa dharau sikubaliani nao. Ikiwa ana mpira wa mkojo au kidonda kilichofungwa bendeji, mwombe nesi anayemhudumia akuonyeshe mapema namna ya kuviondoa.

Abu Salim: Dada, baba akiwa hai naye anaruhusiwa kumwosha mkewe, kwani mume na mke huruhusiwa kuoshana, kama Asma binti Umays alivyomwosha mumewe, khalifa Abubakar. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano, nayo yafaa ikatwe na anayejua. Kifo kikitokea nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu chifu, ambaye hutoa kibali cha mazishi, kwa hiyo kitambulisho cha mama kiwekwe mahali panapojulikana.

Binti wa Kibokoni: Nawashukuru nyote. Bi Mwana, je, nikimwendea mwoshaji wa mtaa sasa, hataniona ninamharakishia mama?

Bi Mwana: Mweleze kwamba ni wasia wa mama mwenyewe. Mwombe akuite kwenye misiba ya wanawake wengine, familia zao zikiridhia, nawe uanze kwa kumimina maji tu, kwa sababu mkono hujifunza hapo bila kulemewa na uchungu wa mzazi. Siku ya mama mwingie watatu au wanne, si ukoo mzima. Chumba kikijaa, stara hupotea.