Bodi ya Parole: wanaokaa kwenye hivyo viti ni akina nani, na kwa nini sababu hatuambiwi?

Wakuu, niko Masasi na leo uvumilivu umenishinda. Kaka yangu anatumikia miaka 12 kwa kuua bila kukusudia, ugomvi wa mpaka wa shamba la mikorosho. Juzi tumeambiwa jina lake la parole (kutoka gerezani kwa masharti kabla kifungo hakijaisha) "halikupita". Basi, hivyo tu. Nikauliza sababu, gerezani alipo (silitaji) wakanijibu kazi yao ni kupeleka majina.

Kwa wasiojua: Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 inamhusu mfungwa wa miaka 4 na kuendelea, akishamaliza theluthi ya kifungo kwa mwenendo mzuri. Kifungo cha maisha, unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, ubakaji, hao hawamo, na sina ugomvi na hilo. Jina linapita bodi ya mkoa, linapanda ya taifa, mwisho linafika kwa waziri. Haya pigeni hesabu. Theluthi ya 12 ni 4. Msamaha wa kawaida wa theluthi unamtoa akifikisha 8. Faili likizungushwa meza hadi meza miaka hiyo ya katikati, parole ya nini tena?

Linaloniuma zaidi ni haya maoni ya jamii, yaani kijiji kuulizwa kama kinakubali mfungwa arudi. Afisa alifika kijijini, akaketi ofisini kwa mtendaji, akajaza fomu, akaondoka. Mtendaji mwenyewe kahamia juzijuzi, kesi kaikuta kwenye makaratasi! Mjomba wa marehemu, ambaye kwetu huku ndiye mwenye kauli, hakuitwa. Na mjomba huyo alishakuja kwetu, mbuzi akachinjwa, tukala naye sinia moja. Msimu uliopita watoto wa pande zote mbili wameokota korosho pamoja kwenye shamba lile lile.

Mwenyekiti wa taifa anateuliwa na Rais, tunamsikia redioni. Marehemu Mrema alipopewa kile kiti 2016 nchi nzima ilijua. Wa mkoani je? Nani anamjua hata kwa sura? Kaka hajawahi kukaa mbele yao hata dakika moja.

Mimi nataka sababu kwa maandishi, na majina ya waliokaa kikao kile. Kuna mtu humu ndugu yake alikataliwa akapewa barua? Aniambie alipitia wapi. Na wale wa "subiri msamaha wa Rais wa Desemba 9", piteni kushoto.