Mjadala: Picha mbili za ofisi ya Gavana wa Minnesota, zilistahili kuhamishwa?

Wanajamvi, naomba tulijadili hili bila jazba.

Jengo la Capitol mjini Saint Paul, ambamo Bunge la jimbo la Minnesota, Marekani, hukutana na Gavana ana ofisi yake, lilifunguliwa mwaka 1905. Msanifu wake, Cass Gilbert, aliyasimamia yote: kuba kubwa la marumaru, farasi wanne wa dhahabu juu ya lango, hadi picha za kuchora katika chumba cha Gavana cha kupokelea wageni. Ukarabati mkubwa ulipomalizika mwaka 2017, picha mbili kati ya hizo hazikurudi chumbani. Zilipelekwa ghorofa ya juu, zikawekewa maelezo.

Ya kwanza inamwonyesha padri Hennepin, Mzungu kutoka Ulaya, "akigundua" maporomoko ya mto Mississippi mwaka 1680. Mwaka huohuo padri alikuwa ametekwa na Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na maporomoko yenyewe walikwisha kuyapa jina: Owámniyomni. Ya pili ni mkataba wa Traverse des Sioux wa 1851, ambao Wadakota waliiuzia serikali ya Marekani ardhi yao; machifu wao wanatia saini kwa utulivu. Haionyeshi kwamba papo hapo walisogezewa karatasi nyingine ambayo hawakusomewa. Wengi walidhani ni nakala ya mkataba, kumbe inawapa wafanyabiashara sehemu ya fedha za ardhi kwa jina la madeni.

Wanaopinga wanasema jengo lile ni kazi moja ya sanaa, ukinyofoa kipande umeliharibu lote. Hoja nzito, siibezi. Ila jengo hilo halikuwahi kuwa la fikra moja. Gilbert alipotaka marumaru ya Georgia, jimbo la Kusini, askari wastaafu wa Minnesota waliopigana na majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe walikasirika. Ikabidi wapatane: marumaru ya Georgia juu, mawe ya granite ya Minnesota kwenye msingi na ngazi. Kama jiwe liliweza kujadiliwa, picha nayo inajadilika.

Mimi naunga mkono kuhamishwa. Kuchomwa au kufichwa stoo ningekataa kabisa, maana ni ushahidi. Lakini chumba cha Gavana si makumbusho; kilichotundikwa mle kinasema kwa niaba ya serikali.

Mnaopinga, nijibuni hili: angekuwa babu yenu ndiye anayetia saini pichani, mngeketi chini yake kuzungumza na Gavana habari za ardhi?