Ushauri: nimemkwaza mchumba kwa utani wa zumari, nataka kumrekodia kaseti ya mapenzi

Mtoro wa Pangani
Wanajamvi, habari za jioni. Niko Glasgow mwaka wa nne sasa. Mchumba wangu ni Mskoti, anapiga zumari ya mfuko, ile inayobanwa kwapani. Ijumaa iliyopita mezani kwao nilitoa utani wa zumari, na tangu siku hiyo ananijibu neno mojamoja. Zamani nilikuwa nalala nikimsikia chumba cha pili akifanya mazoezi usiku kwa sauti ya chini. Sasa kimya.

Nimeamua kumrekodia kaseti ya nyimbo za mapenzi, dakika 60. Kaseti kweli, si orodha ya simu. Jikoni kwao ipo redio kaseti ya marehemu babu yake, na boksi zima la kaseti alizorekodiwa na mkewe enzi zile anafanya kazi kwenye visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini. Upande A nimeshaujaza, nyimbo sita za kizungu. Naomba nyimbo za kwetu za upande B. Za kuachana sitaki. Usingizi sipati, wakuu.

Kidau
Weka taarabu moja ya zamani. Ikifika mwisho mtakuwa na wajukuu.

Bi Mkubwa wa Makadara
Mwanangu, umenikumbusha mbali. Marehemu mume wangu alikwenda kutafuta maisha Maskati 1983. Barua alikuwa mvivu kusoma, basi nikawa namrekodia. Naazima kwa jirani kaseti za Mbwana Radio, lile duka la kaseti la Mombasa, naweka redio mbili zikitazamana mezani, mlango nimefunga watoto wasipige kelele. Kuna kaseti ambayo muadhini alianza katikati ya wimbo, nikamwachia na adhana yake. Mwisho wa upande B nilikuwa nabakisha nafasi nikasema maneno yangu. Kumbe walikuwa wakikaa watu wanane chumba kimoja, wote wakisikiliza!

Ustadhi Mpole
Miaka minne uchumba? Kaseti haipeleki posa, ndugu yangu. Nenda kwa wazee.

Maskati72
Huku Oman zumari hizo tunazo, na kikosi cha farasi na ngamia cha Sultani wanazipiga juu ya ngamia. Zinapendeza sana. Utani wenyewe ulikuwa upi?

Mtoro wa Pangani
"Kwa nini wapiga zumari hupiga huku wanatembea? Wanaikimbia kelele yao." Sikuutunga mimi, Waskoti wenyewe wanautoa kila siku. Wenzake wa bendi ndio walionifundisha, na ule mwingine, kwamba muungwana ni yule anayejua kupiga zumari na hapigi. Yeye mwenyewe aliwahi kuucheka.

Tarumbeta la Zamani
Nimepiga chombo hicho kwenye bendi miaka mingi. Utani huo ni salamu yetu, hakuna mpiga zumari anayenuna kwa ajili yake. Mdogo wangu, kuna kitu umekiacha. Umeandika "marehemu babu". Alifariki lini?

Maskati72
Hapo sasa.

Mtoro wa Pangani
Alizikwa Ijumaa hiyohiyo. Tulikuwa tumetoka makaburini. Mchumba wangu ndiye aliyempigia, akitangulia mbele ya jeneza. Nyumba nzima kimya, nikaona nikiwachekesha kidogo watapoa. Nyinyi mnajua, kwetu watani hawaji msibani kutania? Wanamwiga hadi marehemu anavyotembea, na watu wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Nilikuwa na nia njema.

Bi Mkubwa wa Makadara
Mtani ni mtani, mwanangu, ana haki yake aliyorithi. Wewe kwenye nyumba ile ni mkwe. Mkwe msibani hubeba maji.

FundiRedio
Wakuu, hii chai. Kwanza, zumari ya Uskoti haina sauti ya chini. Pili, kaseti ya dakika 60 ni dakika 30 kila upande. Nyimbo sita za dakika tatu na nusu ni dakika 21. Anasema upande umejaa. Dakika tisa zimekwenda wapi?

Kidau
Nilijua! Atuwekee picha ya hiyo redio.

Tarumbeta la Zamani
La sauti ya chini hajadanganya. Mfuko haujui kunong'ona, ndiyo maana usiku tunafanya mazoezi kwa filimbi ya mazoezi peke yake, bila mfuko wala mabomba matatu ya mvumo. Hata jirani hasikii. Ila dakika tisa na mimi nazitaka.

Mtoro wa Pangani
Ni yeye. Nilimrekodi kwa simu siku ile ya maziko, hajui. Nimeiweka mwanzo kabisa wa upande A. Msinihukumu. Katika maisha yangu sijasikia mapenzi makubwa kuliko yale, mtu anampigia babu yake na mkono haumtetemeki. Nataka ajue kwamba nilisikia. Na nimeshavunja vile vimeno viwili vya juu ya kaseti, hairekodiki tena.

Tarumbeta la Zamani
Kuna nyimbo za maombolezo ambazo wengi wetu hatuzipigi ila mazikoni na siku za kumbukumbu. Hata mazoezini tunapiga filimbi tu, kwa heshima. Wewe unamfungulia jikoni, chai mkononi, halafu inafuata nyimbo ya mahaba. Iondoe.

Ustadhi Mpole
Na kumrekodi mtu bila idhini yake je?

FundiRedio
Basi nimeamini, chai haina uchungu huu. Kuvunja vimeno si mwisho wa dunia. Ziba matundu kwa selotepu, bandika vizuri isije ikanasa ndani ya redio. Itarekodi kama mpya.

Mtoro wa Pangani
Nimeziba. Ya makaburini nimeitoa. Kesho nakwenda kwao bila kaseti, nimwambie kwanza kwamba sauti ile ya maziko ninayo kwenye simu, aamue mwenyewe niifute au nimpe. Na baba yake nitamwomba radhi mlangoni kabla sijakaa. Mwanzo wa upande A sasa una dakika tisa tupu. Bi Mkubwa, wewe kwenye nafasi yako ulikuwa unasema nini?

Bi Mkubwa wa Makadara
Nilimwambia paa linavuja upande wa jikoni, na mtoto ameota jino.