White Sox: vipigo 121 kwa msimu mmoja, na tajiri bado anataka tumjengee uwanja

Wakuu, salamu zitasubiri. Leo nina hasira.

Msimu wa 2024 wa besiboli huku Marekani umefungwa jana Jumapili, tarehe 29 Septemba, na timu yangu, Chicago White Sox, imemaliza na ushindi 41 na vipigo 121. Mia moja ishirini na moja. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyofungwa mara nyingi hivyo ndani ya msimu mmoja. Rekodi ilikuwa inashikiliwa na New York Mets wa mwaka 1962, waliofungwa 120, na Mets wale walikuwa ndiyo kwanza wanaanzishwa, wameokoteza wachezaji ambao klabu nyingine hazikuwataka. Sisi tupo kwenye ligi tangu 1901. Tumechukua ubingwa 2005. Tunakaa kwenye jiji la tatu kwa ukubwa nchini. Sasa udhuru wetu ni upi?

Wale wa mpira wa miguu nawaomba mnielewe kidogo hapa. Besiboli siyo soka. Huku timu inacheza mechi 162, karibu kila siku, na mchezo wenyewe una bahati nyingi kiasi kwamba hata kibonde wa ligi huwa anaokota ushindi 50 na kitu. Bingwa naye anafungwa mara 60 na kitu bila mtu kushtuka. Kwa hiyo kushinda 41 tu siyo jambo la bahati mbaya. Lazima watu wakae ofisini walifanyie kazi.

Tulianza kwa kushinda mechi 3 na kupoteza 22. Mechi ya ufunguzi, tarehe 28 Machi, tulikuwa nyumbani dhidi ya Detroit. Garrett Crochet, kijana ambaye hajawahi kuanza mechi ya ligi kuu maishani mwake, akarusha awamu sita kati ya tisa za mechi, akaruhusu mzunguko mmoja tu (yaani pointi moja), akawatoa wapigaji wanane kwa kuwakosesha mpira. Tukafungwa 1-0. Huyo ndiye mrushaji bora tuliyekuwa naye msimu mzima, akaitwa hadi kwenye timu ya nyota, na malipo yake ni kukaa benchi akitazama wenzake wakimwaga kazi yake. Mwisho wa msimu tumefunga mizunguko 507 na kufungwa 813. Hizo namba hazihitaji mchambuzi.

Mechi inayoniuma kuliko zote ni ya Mei 23, dhidi ya Baltimore. Tulikuwa nyuma sana, tukafufuka kwenye awamu ya tisa mpaka ikawa 8-6. Mmoja katoka (wakitoka watatu zamu yetu imekwisha), tuna watu wawili kwenye bezi, uwanja umeamka. Andrew Benintendi anapiga mpira unaopaa juu, wa kudakwa kirahisi. Kanuni inasema mpira wa aina hiyo mpigaji anahesabiwa katoka hata kabla haujadakwa, kwa hiyo wa pili katoka, sawa. Lakini Andrew Vaughn, aliyekuwa bezi ya pili, alikuwa anarudi zake kinyumenyume akapitana na mdakaji wa Baltimore, Gunnar Henderson. Henderson akaudaka mpira wake vizuri tu. Mwamuzi akanyoosha mkono: Vaughn kamzuia, naye katoka. Watu watatu nje, mechi imekwisha! Wachezaji wa Baltimore wenyewe walisimama wanaangaliana kabla ya kuanza kushangilia. Siwezi kusema mwamuzi ndiye katuharibia msimu. Nasema tu kwamba ukiwa kibonde hata mpira ambao mwenzio kaudaka bila shida unakuua mara mbili.

Halafu ikaja Julai. Kuanzia tarehe 10 Julai hadi tarehe 5 Agosti tulifungwa mechi 21 mfululizo. Ishirini na moja! Tukaifikia rekodi ya aibu ya American League, nusu ya ligi kuu tunayochezea sisi, iliyowekwa na Baltimore mwaka 1988. Katikati ya balaa hilo, tarehe 25 Julai, Dylan Cease akiwa na jezi ya San Diego akarusha mechi nzima bila Washington kupata hata pigo moja safi. Cease ni yupi? Ni yule yule ambaye sisi tulimtoa mwezi Machi, msimu haujaanza.

Agosti 6 tukaifunga Oakland 5-1, mkosi ukakatika. Siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol akafukuzwa. Hebu fikirieni: wanamwacha mtu afungwe mechi 21, anashinda moja, ndipo wanakumbuka kumfukuza. Simtetei Grifol, kazi ilimshinda tangu mwaka jana alipofungwa 101. Ila alipoondoka na akaja Grady Sizemore kushikilia, timu iliendelea kupigwa vile vile, maana tatizo halikuwa kwenye benchi la ufundi.

Wiki iliyopita tulikuwa tumeshafikisha 120, tumelingana na Mets, na tunacheza nyumbani na Los Angeles Angels. Watu walikuja uwanjani wamejiandaa kushuhudia historia, wengine wanaishangilia kabisa aibu hiyo. Eti siku hiyo ndiyo vijana wakaamua kushinda! 3-2, kisha wakashinda na mbili zilizofuata. Na hata timu ikiwa inaongoza, jukwaani watu walikuwa wanaimba kitu kimoja: "Uza timu! Uza timu!" Mimi nilikuwa naimba nao. Nikapanda treni ya Red Line kituo cha Sox-35th koo limekauka, na kwenye behewa bado kuna wazee wanaendelea kuimba. Ijumaa wakaenda Detroit, wakafungwa 4-1, rekodi ikawa yetu, na kwa mechi hiyo hiyo Detroit wakafuzu mchujo, ile hatua ya kuwania ubingwa baada ya msimu. Yaani wenzetu wanamwagiana shampeni kwa kipigo chetu cha 121.

Sasa tuongee na mwenye mali.

Jerry Reinsdorf aliinunua timu na wenzake mwaka 1981 kwa takribani dola milioni 20. Mwaka huu wa 2024 jarida la Forbes limeikadiria kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 2. Ndiye pia mwenye Bulls, timu ya kikapu ya Chicago, kwa hiyo ukiwa mtu wa Chicago huyu mzee unamkuta kila msimu wa mwaka. Katika miaka yote hiyo, mkataba mkubwa kuliko wote ambao White Sox imewahi kumpa mchezaji ni wa dola milioni 75 kwa miaka mitano, alipewa Benintendi huyo huyo mwanzoni mwa 2023. Desemba iliyopita Los Angeles Dodgers wamempa nyota wa Japani, Shohei Ohtani, milioni 700. Sisemi tungempata Ohtani, siyo kichaa mimi. Lakini jiji kama Chicago halijawahi kumpa mchezaji hata mmoja wa White Sox mkataba wa milioni 100, wakati miji midogo inatoa.

Mtu ataniambia walikuwa wanajenga upya. Wakuu, huo wimbo wa kujenga upya tumeimbiwa tangu mwisho wa 2016! Walimuuza Chris Sale kwenda Boston, wakaleta Yoán Moncada na Michael Kopech. Wakamtoa Adam Eaton, wakapata Lucas Giolito. Mwaka 2017 wakamtoa José Quintana kwa jirani zetu wa kaskazini mwa jiji, Cubs, wakaleta Eloy Jiménez na Cease, na wakamsajili Luis Robert kutoka Cuba. Tukaambiwa tuvumilie, tukavumilia. Tukafungwa 100 mwaka 2018 kimya kimya, kwa imani. Na kweli 2020 tukaingia mchujo, 2021 tukachukua ubingwa wa kanda kwa ushindi 93. Kikosi kilikuwa kichanga, kinatisha, kilistahili kutawala miaka mitano.

Tajiri akafanya nini? Kabla ya msimu huo wa 2021 alimfukuza kocha aliyetupeleka mchujo, akamrudisha rafiki yake wa zamani Tony La Russa, mzee wa miaka 76 ambaye hakuwa amefundisha timu tangu 2011. Kwa sababu miaka ya themanini aliruhusu afukuzwe na roho ikamsuta! Kikosi cha vijana kikageuzwa kuwa sehemu ya mzee kutubu. Mrushaji Carlos Rodón akaachwa aondoke hivi hivi. Mwaka 2022 tukamaliza 81 kwa 81. Mwaka 2023, 61 kwa 101. Mwezi Agosti mwaka jana akawafukuza wakuu wa ofisi ya usajili, Ken Williams na Rick Hahn, tukashangilia tukidhani sasa ataleta mtu wa nje mwenye akili mpya. Hakuhoji mtu yeyote wa nje. Akampandisha Chris Getz aliyekuwa ofisi hiyo hiyo anasimamia timu za vijana, akidai kutafuta mtu mwingine kungechukua muda mrefu.

Na muda huo aliouokoa umetupeleka wapi? Mchujo unaanza kesho. Cease yumo na San Diego. Kopech yumo na Dodgers, tulimtoa Julai hii hii. Rodón yumo na Yankees. Hata mtangazaji wetu Jason Benetti, mtoto wa vitongoji vya kusini aliyekua anaipenda timu hii, walishindwa kumtunza, akaenda kutangaza mechi za Detroit. Nao wamo.

Ila wanaoniumiza zaidi ni Kansas City Royals. Mji mdogo, kanda ile ile yetu. Mwaka jana walifungwa 106, walikuwa wabaya kuliko sisi. Wakaamka wakafungua pochi: wakamfunga Bobby Witt Jr. kwa mkataba wa dola milioni 288, wakasajili warushaji wawili wazoefu, Seth Lugo na Michael Wacha. Mwaka huu wameshinda 86, na kesho wanacheza mchujo. Sisi kutoka huko huko Kansas City tulichukua kocha waliyekuwa naye msaidizi, wachezaji waliowaacha na bosi wa usajili, Getz, aliyetokea kwao. Tumenunua mitumba yao, wenyewe wakavaa mpya.

Juu ya yote haya, mzee mwaka huu amekwenda kwa wanasiasa wa jimbo la Illinois akitaka fedha za umma, zinatajwa za kufika dola bilioni moja, ajenge uwanja mpya kwenye kiwanja kinachoitwa The 78 karibu na katikati ya jiji. Uwanja tunaotumia ulifunguliwa 1991 na ulijengwa kwa fedha za umma. Uliupataje, Jerry? Mwaka 1988 alitishia kuihamishia timu Florida, wabunge wakapitisha muswada usiku wa manane siku ya mwisho ya kikao, wakisimamisha saa ya bungeni ili isionekane kwamba muda umepita. Haya ndiyo maisha: mwenye nyumba anakupangisha vyumba vinavyovuja miaka arobaini, halafu anapitisha daftari mtaani mumchangie ajenge ghorofa.

Kinachomfanya asiogope ni hiki. Ligi hii haina kushuka daraja. Kule nyumbani Mtibwa Sugar, bingwa mara mbili wa Tanzania Bara, mwaka huu wa 2024 kamaliza mkiani, kashuka. Hakuna aliyemwonea huruma kwa historia yake. Huku ukifungwa 121 unabaki ligi kuu, fedha za televisheni za kitaifa unagawiwa sawa na bingwa, na mwakani Machi unaanza sifuri kwa sifuri kama mtu mwema.

Faraja pekee ya kibonde ni kuchagua wa kwanza kwenye zoezi la kugawana vijana wapya. Hiyo nayo hatuna! Kanuni za sasa zinasema timu ya jiji kubwa ambayo haipokei ruzuku ya ligi haiwezi kuingia bahati nasibu ya nafasi za juu miaka miwili mfululizo. Mwaka huu tuliingia, tukachagua wa 5. Kwa hiyo mwakani, pamoja na rekodi yetu ya kufungwa, hatuwezi kuchagua kabla ya nafasi ya 10. Kanuni iliwekwa kuzuia timu tajiri zisifungwe makusudi. Sisi tumefungwa kwa uzembe halisi, na adhabu imetukuta vile vile.

Mashabiki wa White Sox mliopo humu, najua mpo wachache, Aprili msinunue tiketi. Nendeni mkatazame timu za shule, mkachome nyama bustanini, lolote. Akiona viti vitupu kwenye televisheni labda ataelewa lugha hiyo, maana ya kuimba kaisikia na hajaijibu.

NYONGEZA: Mdau hapo chini anauliza kwa nini nisihamie Cubs, si timu ya Chicago pia? Ndugu yangu, unamwambia mtu wa Jangwani ahamie Msimbazi kwa sababu zote ziko Kariakoo. Usirudie.